Sifuri ya Kwanza Si Malipo

Mama mweka hazina aliingia ofisini kwetu Kondele, hapa Kisumu, Jumatatu asubuhi, mkononi daftari la kurasa mia mbili lililofungwa kwa mpira. Hakuwa na hasira. Aliketi, akaomba maji, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akaniambia: "Mwanangu, simu yenu inasema hawa kumi na mmoja wamelipa. Mimi nilikuwa nao jana. Hawajalipa."

Kundi lake ni la akina mama wanaonunua samaki ufuoni alfajiri na kuwauza katika masoko ya Kibuye na Jubilee. Kila Jumapili hutoa mchango, na mwaka huu waliamua kuchanga kwa simu, maana kutembea na mfuko wa noti kutoka ziwani hadi mjini kumewaletea hasara zaidi ya mara moja. Mfumo wa kuweka hesabu hizo tuliwatengenezea sisi. Uliandikwa na kijana wetu aliye katika mwaka wake wa kwanza kazini, kwa siku mbili, akisaidiwa na akili unde. Miaka mitano nyuma, kazi hiyo ingemchukua wiki tatu.

Kosa tulilipata kabla ya saa sita mchana. Aliyewahi kuunganisha programu na M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia wasanidi programu mwaka wa 2017, atalitambua mara moja. Ukitaka mteja alipe, programu yako hutuma ombi, kisha simu ya mteja huwaka na kumwomba nambari ya siri. Majibu yanayokurudia ni mawili. La kwanza huja papo hapo likiwa na alama ya sifuri, na maana yake ni moja tu: ombi limepokelewa. La pili huja baadaye, mteja akishaweka nambari ya siri, au akikataa, au akiiacha simu mpaka ujumbe upotee wenyewe. Sifuri ya jibu hili la pili ndiyo malipo. Ikija 1, salio halitoshi. Ikija 1032, mteja ameghairi. Ikija 1037, simu yake haikupatikana. Msimbo wetu uliona sifuri ya kwanza, ukaandika "amelipa", ukaenda zake.

Kosa lenyewe halikunishangaza. Nililifanya mimi pia mwaka wa 2018, kwenye mfumo wa hoteli ndogo hapa mjini, na fedha zilizopotea nilizilipa kutoka mfukoni mwangu. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mfumo huu wa akina mama ulikuwa na majaribio arobaini, yaani programu ndogo za kuukagua msimbo, na yote yalikuwa yamepita. Aliyeyaandika ni mashine, akili unde ileile iliyoandika msimbo. Iliamini kwamba sifuri ya kwanza ni malipo, ikaandika programu kwa imani hiyo, kisha ikaandika mtihani kwa imani hiyohiyo, ikajisahihishia na kujipa alama zote. Kati ya wote waliohusika na kazi hii, aliyekuwa na chanzo kingine cha ukweli alikuwa mmoja tu, yule mama na daftari lake.

Nilimwita kijana aliyeuandika. Sikumfokea. Nilimwomba anionyeshe, ndani ya faili lile, mstari unaoamua kwamba mwanachama amelipa. Akapekua juu, akashuka chini, akarudi juu tena. Dakika nne zikapita. Mwishowe akafungua dirisha la mashine ili aiulize. Hapo nikaifunga kompyuta yake taratibu, tukashuka chini kunywa chai.

Kijana huyu ana kichwa kizuri kuliko nilichokuwa nacho mimi katika umri wake, na hana uvivu hata kidogo. Sisi ndio tuliompa siku mbili. Tungempa zile wiki tatu za zamani, angesoma maelezo ya Daraja mpaka macho yamuume. Angepata ile sifuri ya kwanza, akafurahi. Angejaribu kwa simu yake mwenyewe, akaghairi makusudi, akaona mfumo bado unamwandikia kwamba amelipa, akashtuka. Mshtuko ule ndio somo. Humkaa mtu mwilini miaka ishirini, na ndio unaomfanya mtu mzima katika kazi hii aangalie msimbo wa mwenzake kwa nusu dakika na kusema: hapa kuna shida. Mashine imefanya kazi ya wiki tatu kwa siku mbili, na somo lile halimo tena ndani ya hizo siku mbili.

Sisemi haya kama mtu anayeipinga akili unde. Naitumia kila siku. Mwezi jana Sacco moja ilituletea mfumo wa zamani ulioandikwa kwa PHP, lugha ya programu, na mtu aliyehama miaka mingi iliyopita bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Faili moja lina mistari elfu sita, majina yaliyomo ndani yake ni herufi moja moja. Mashine ilinisomea rundo lile mchana mmoja, ikanichorea njia ambayo mkopo hupitia tangu kuombwa hadi kulipwa. Makosa mawili iliyofanya niliyaona kwa sababu najua mikopo ya Sacco inavyokwenda. Lakini bila hiyo ningekuwa bado ukurasa wa kwanza. Tangu GitHub Copilot, akili unde ya kusaidia kuandika msimbo, ilipoanza kuuzwa kwa kila mtu mwaka wa 2022, na ChatGPT ikafuata Novemba mwaka huohuo, kazi yetu imebadilika zaidi ya ilivyobadilika katika miaka kumi iliyotangulia. Zana za leo hazikamilishi tu sentensi uliyoanza. Zinafungua mafaili, zinaandika, zinaendesha majaribio, zinasoma makosa, zinarekebisha, zinarudia, nawe umekaa kando.

Je, zinaongeza kasi? Utafiti uliopo unatoa majibu mawili yanayogongana, na mgongano huo ndio unaotufundisha. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2023, wasanidi programu 95 walipewa kazi ya kuandika seva ndogo ya wavuti kutoka mwanzo. Waliotumia Copilot walimaliza kwa muda mfupi zaidi kwa karibu asilimia 56. Mwaka wa 2025, taasisi ya METR ya Marekani ikawachukua wasanidi 16 wazoefu, ikawapa kazi 246 ndani ya miradi yao wenyewe, miradi mikubwa waliyoishi nayo kwa miaka. Wakiruhusiwa kutumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Kabla ya kuanza walitarajia kuokoa asilimia 24. Baada ya kumaliza, waliochelewa haohao bado waliamini wameokoa asilimia 20. Zana zilizopimwa ni za mwanzoni mwa 2025, na za leo zina nguvu zaidi, kwa hiyo ile 19 siiwekei uzito mkubwa. Ninachokishikilia ni ule umbali kati ya walichohisi na kilichotokea. Watu wazoefu, ndani ya nyumba waliyoijenga kwa mikono yao, hawakujua kwamba wanatembea polepole. Basi kijana wa mwaka wa kwanza atajuaje?

Tofauti ya majibu hayo mawili iko mahali ujuzi ulipo. Seva ndogo ya kuanza upya imekwisha andikwa mara elfu nyingi duniani, na mashine imezisoma zote. Mradi uliozeeka una maamuzi ambayo hayakuandikwa popote. Mwanasayansi wa kompyuta wa Denmaki, Peter Naur, alilieleza hili tangu 1985: programu hasa ni uelewa ulio vichwani mwa walioitengeneza, na maandishi yaliyo kwenye kompyuta ni kivuli chake tu. Wenye uelewa huo wakiondoka, programu imekufa hata kama bado inaendeshwa. Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza niliiona kama falsafa ya watu wenye nafasi. Leo naiona kila wiki. Mfumo wa akina mama ulikuwa na umri wa siku tisa, na tayari hapakuwa na kichwa hata kimoja kilichouelewa. Kwa maneno ya Naur, ulizaliwa ukiwa umekufa.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu mjadala huu ukifanyiwa Nairobi au ng'ambo huacha jambo moja linalotuumiza sisi wa magharibi.

Nairobi kuna benki na kampuni kubwa zinazoweza kumlipa kijana mwaka mzima huku akijifunza. Kisumu, Kakamega, Bondo, hatuna waajiri wengi wa namna hiyo. Shule yetu ilikuwa kazi ndogondogo: tovuti ya gesti, fomu ya kusajili wanafunzi, ripoti ya mauzo ya duka la dawa, mfumo wa karo wa shule ya msingi. Malipo yalikuwa madogo, elfu kumi, elfu kumi na tano, lakini mtu alitoka pale amejua hifadhidata ni nini, mteja ni nani, na umeme ukipotea katikati ya kuhifadhi hutokea nini. Fundi wa vyuma wa Kibuye hulea mwanagenzi kwa njia hiyohiyo. Miezi ya kwanza kijana anashika bati lisitikisike. Kisha anapiga msasa. Kisha anachomelea miguu ya jiko, sehemu isiyoonekana sana. Siku ya kuachiwa lango zima inafika, na macho yake yamekwisha zoea.

Zile kazi ndogo ndizo zilizokwenda kwanza. Mwenye duka la dawa ninayemfahamu alinionyesha kwa furaha mfumo wa kuhesabu dawa aliouunda mwenyewe kwa jioni mbili, akizungumza na mashine kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza. Nilifurahi pamoja naye, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Amepata kitu anachokihitaji bila kumsubiri mtu. Lakini nilipokuwa narudi kwa bodaboda nilimfikiria kijana ambaye mfumo ule ungekuwa kazi yake ya kwanza.

Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia kumbukumbu za mishahara mwaka wa 2025, wakakuta kwamba ajira za wasanidi programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zimepungua kwa karibu asilimia 20 tangu mwishoni mwa 2022. Za wenye umri mkubwa zaidi hazikuporomoka hivyo. Riba za juu na kampuni kuajiri kupita kiasi wakati wa korona vina mchango wake, na watu wataendelea kubishana kuhusu sehemu ya kila kimoja. Ila umbo la jambo nalifahamu bila takwimu. Wanafunzi wa Maseno, wa Masinde Muliro, wa Jaramogi Oginga Odinga wanakuja kuomba nafasi ya atachimenti, yale mafunzo ya kazini, na bila atachimenti hawawezi kuhitimu. Zamani nilikuwa na orodha ukutani ya kazi za kuwapa: sahihisha fomu hii, ongeza safu ile, andika ripoti ya mwezi. Orodha hiyo siku hizi inakwisha usiku mmoja kabla hawajafika. Mwaka jana kijana mmoja alikaa nasi wiki ya kwanza nzima akiangalia skrini za wenzake. Aliniuliza kwa adabu kama kuna kitu anachoweza kufanya. Nilimtuma akanunue tona. Nimeona aibu ya jibu hilo tangu siku ile.

Wenzangu kadhaa wenye ofisi kama yangu wameshaamua. Hesabu yao ni hii: mzoefu mmoja na mashine anatosha, kijana ni gharama. Kwa mwaka mmoja au miwili hesabu hiyo inakubali. Lakini wazoefu wetu hawakai. Mzuri akishajulikana, huchukuliwa na Nairobi, au na kampuni ya ng'ambo inayomlipa kwa dola akiwa sebuleni kwake Milimani, na hakuna wa kumlaumu. Tumeishi miaka yote kwa sababu nyuma yake alikuwapo anayekua. Ukikata huko nyuma, siku mzoefu anapoaga unabaki na mifumo thelathini ya wateja, mashine inayokuuzia ufasaha kwa mwezi, na hakuna anayeweza kuiambia kwamba hapa imekosea.

Kuna ujuzi mwingine ambao mashine haina pa kuusoma. Tuliporekebisha ile sifuri tulidhani tumemaliza. Jumapili iliyofuata nilimtuma kijana wetu akakae na mama mweka hazina ufuoni, bila kompyuta. Alirudi na jambo jipya: karibu robo ya wanachama hawalipi kwa simu zao. Mmoja anatumia ya mjukuu. Mwingine laini yake ina deni la Fuliza, mkopo mdogo wa M-Pesa, na pesa ikiingia inakatwa, kwa hiyo anamkabidhi jirani noti na jirani analipa kwa simu yake mwenyewe, mara mbili mfululizo, mara moja kwa kila mtu. Mfumo ulichukulia kwamba nambari ya simu ni mtu. Malipo ya pili ya jirani uliyaona kama marudio ya kimakosa, ukayatupa. Hakuna kitabu kinachoeleza jinsi akina mama wa samaki wanavyolipiana. Na mashine haikuuliza, kwa sababu aliyeiagiza hakujua kwamba kuna la kuulizwa.

Hapo ndipo naona thamani ya msanidi programu inapohamia. Kuandika mistari kumekuwa rahisi. Kilicho ghali sasa ni kujua nini kiandikwe na kukikagua kilichoandikwa, na vyote viwili hujengwa kwa muda na kwa kukosea mahali ambapo kukosea hakuumizi mtu. Ofisi zisipotenga mahali hapo kwa makusudi, hapatatokea penyewe.

Sisi tumebadilisha taratibu. Mwanagenzi hapewi tena kitu kipya cha kutengeneza. Anapewa kilichoharibika. Naharibu msimbo makusudi Ijumaa jioni, naufungia kwenye tawi la pembeni, nakala isiyogusa mfumo wa mteja, na Jumatatu anautafuta ubovu huo bila mashine, kisha anaulizwa na wenzake mbele ya ubao. Majaribio yanayohusu pesa huandikwa kwanza kwa sentensi za kawaida, akiwapo mteja, kwa Kiswahili au Kidholuo: "Mama akighairi, jina lake libaki kwenye orodha ya wasiolipa." Mashine ndipo inapoletwa. Ikishaandika, aliyeiagiza anasimama na kueleza kila mstari unaogusa pesa au jina la mtu. Asipoweza, hauingii. Wiki za mwanzo utaratibu huu ulituchelewesha sana, na bado unatuchelewesha, na sijutii.

Nisiwafiche gharama. Zana nzuri ni dola 20 kwa mwezi kwa mtu mmoja, takriban shilingi 2,600, na zile zinazofanya kazi kwa muda mrefu peke yake ni zaidi ya hapo mara nyingi. Saa za kumlea kijana hazilipwi na yeyote. Na wateja wameanza kuuliza, tena kwa haki, "Si mashine ndiyo inayoandika? Mbona bei ni ileile?" Nimepunguza bei ya kuandika. Nimeongeza bei ya kukaa na mteja na ya kukagua, na naziandika kwenye ankara kando kando ili azione. Wengine wamekwenda kwa wa bei rahisi. Wawili wamerudi.

Vyuo navyo viangalie upya. Mtihani wa kuandika programu kwenye karatasi ulikuwa na kasoro zake hata zamani, na mradi wa mwisho anaotumiwa mhadhiri kwa barua pepe haupimi tena chochote. Mweke mwanafunzi mbele ya msimbo ambao hakuuandika, mwenye kosa moja ndani, umpe saa moja, umsikilize anavyofikiri. Na kaunti zinapotangaza zabuni za mifumo ya ushuru wa soko au ya zahanati, ziulize jina la mtu atakayeuelewa mfumo huo baada ya miaka mitatu, pamoja na bei. Nafahamu vijana wanaobandika orodha nzima ya wagonjwa au ya wanachama, majina na nambari za simu, kwenye dirisha la mashine iliyoko ng'ambo ili iwatafutie kosa. Sheria ya Kulinda Data tunayo tangu 2019. Hilo ni jambo la mtu mkubwa kuwa chumbani, akaona, akasema acha.

Mfumo wa akina mama sasa una hali tatu: amelipa, hajalipa, inasubiri. Malipo yanaandikwa kwa jina analolitaja mlipaji, na simu ni simu tu. Kijana wetu ameuandika upya, nusu kwa mkono wake, nusu na mashine, na ukimwomba akuonyeshe mstari unaoamua malipo anaweka kidole juu yake kabla hujamaliza swali.

Jumapili iliyopita alikwenda tena ufuoni. Walikaa chini ya mwembe, yeye na simu, mama mweka hazina na daftari. Akisoma jina, mama anatia alama. Walifika jina la ishirini na tatu, simu ikasema inasubiri, mama akasema amelipa. Walinyamaza wote wawili. Kisha mama akageuka akaita, na mwanachama wa ishirini na tatu akaja akijifuta magamba ya samaki mikononi, akatoa simu yake kwenye leso, akaanza kutafuta ujumbe.